UZI: Mtu ameumia ajalini huku Malindi. Atafute wakili au aende mwenyewe?

MtotoWaBarani ameanzisha uzi

Assalam aleikum wanajukwaa. Naomba wanaojua sheria na mambo ya bima waje hapa.

Kijana wa miaka 26, mvuvi wa Mayungu, alikuwa abiria kwenye bodaboda. Karibu na Gede, Probox iliyokuwa ikilipita lori ikawagonga uso kwa uso. Mfupa wa muundi umevunjika, ametiwa chuma na bado yuko wodini, hii ni wiki ya pili. Boda ilikuwa imebeba abiria wawili.

Mwenye Probox amekuja na shilingi 30,000 na karatasi iliyochapwa, anataka isainiwe. Juzi mwingine kaingia wodini, anasema katumwa na wakili, anaomba kitambulisho na sahihi kwenye fomu ambayo haijajazwa kitu. Familia imegawanyika. Wazee wanasema pokeeni, yaishe. Vijana wanasema mahakamani.

Maswali ni matatu: ni lazima wakili? Anagharimu nini? Na tukingoja mpaka mguu upone ndipo tuanze, haki itakuwa imepotea?

---

KaraniMstaafu

Waaleikum salaam. Kabla ya yote, asisaini karatasi yoyote kati ya hizo mbili. Ile ya mwenye gari bila shaka ina maneno ya "malipo kamili na ya mwisho". Akishaitia sahihi, mawakili wa bima wataitoa mahakamani na mtatumia mwaka mzima mkieleza kwamba alikuwa na maumivu na hakuisoma. Na ile fomu tupu ni hatari zaidi, itarudiwa hapa chini.

Swali la tatu nalijibu kwanza kwa sababu ndilo linalowaumiza watu wengi. Kesi ya fidia ya kuumia kwa uzembe wa mtu binafsi au kampuni hufunguliwa ndani ya miaka 3 tangu siku ya ajali. Hiyo ni Sheria ya Ukomo wa Madai, sura ya 22. Kumngoja apone hakumpotezei haki. Lakini likiwa ni gari la serikali ya kaunti, ambulensi ya kaunti au gari la polisi, muda ni miezi 12 tu. Jeraha lililotokana na uzembe katika hospitali ya umma nalo muda wake ni huo huo wa miezi 12. Kama lawama ni ya hali ya barabara kuu, hiyo iko chini ya KeNHA, mamlaka ya barabara kuu, na sheria ya barabara ya 2007 inataka notisi ya mwezi mmoja kabla ya kushtaki, kisha kesi iingie ndani ya miezi 12. Watu wanakuja masjala ya mahakama mwezi wa kumi na nne wakiwa na faili nene ya eksirei, na karani hana la kuwafanyia.

Sasa, wakili au la? Msiangalie ukubwa wa maumivu. Angalieni haya: yuko mtu mwenye kosa anayeweza kuthibitishwa? Mtu huyo, au bima yake, ana uwezo wa kulipa? Jeraha litaacha kasoro ya kudumu? Na je, upande wa pili utabisha? Jeraha likiwa la kupona kabisa, kosa liko wazi na bima ipo na haibishi, mtu mwenye kusoma na kuandika anaweza kwenda mwenyewe. Kesi ya kijana wenu haiko hivyo. Kuna vyombo viwili, kila mmoja atamtupia mwenzake lawama. Kuna abiria wawili kwenye boda, na sheria ya trafiki inaruhusu mmoja. Kuna chuma ambacho huenda kikatolewa siku moja kwa upasuaji mwingine. Hii ni kazi ya wakili.

---

Tabibu_Gede

Mimi naongeza upande wa hospitali, kwa sababu kesi nyingi hufa kwa makaratasi kabla ya wakili hata kuiona faili.

Hakikisheni kadi ya kwanza ya matibabu, ile ya siku ya ajali, imeandika "ajali ya barabarani", tarehe, na kila sehemu iliyoumia. Mgonjwa akilalamikia mguu tu siku ya kwanza, kisha baada ya miezi minne aseme na bega, upande wa pili utauliza bega lilitoka wapi. Kama bega linauma, amwambie daktari leo, liandikwe leo.

Vitu vya kuweka kwenye bahasha moja: kadi ya kwanza, karatasi ya kutoka wodini, filamu za eksirei zenyewe pamoja na maelezo yake, maelezo ya upasuaji yanayotaja chuma gani kimewekwa, na risiti zote. Zote kabisa: dawa, magongo, tuktuk ya kwenda kliniki. Mwenye tuktuk aandike kipande cha karatasi chenye tarehe, safari, kiasi na sahihi. Gharama ambazo tayari zimetoka mfukoni mahakama hailipi kwa kukadiria. Lazima zitajwe kwenye madai na zithibitishwe moja moja. Sehemu ambayo bima ya afya ya serikali, SHA, imelipa, wekeni nakala ya bili pia, msiitupe kwa sababu hamkuitoa mfukoni.

Fomu ya P3, ile ya polisi ya kuandika majeraha, mnaichukua kituo cha polisi, fomu yenyewe ni bure, na hujazwa na daktari au afisa wa kliniki. Hiyo si sawa na ripoti ya daktari ya mahakamani. Ripoti ile huandikwa na daktari anayempima upya na kutaja asilimia ya ulemavu wa kudumu. Msiikimbilie. Mfupa wa muundi wenye chuma unahitaji miezi kuunga, na ripoti iliyoandikwa wiki ya tatu itasema "bado anapona", maneno yasiyomsaidia mtu. Ingojeni mpaka daktari aseme mfupa umeshika au umegoma.

Na hili halitajwi sana: kama chuma kitatolewa baadaye, ripoti itaje upasuaji huo na makadirio ya gharama yake, na wakili aiweke ndani ya madai. Isipoandikwa, mahakama haimpi, hata kama kila mtu chumbani anajua chuma kitatoka.

---

BiFatma_Maweni

Shukrani Tabibu. Na polisi? Ajali ya pale Maweni walimaliza wenyewe kwa wenyewe, hakuna aliyeandikisha.

---

KaraniMstaafu

Bi Fatma, ajali yenye majeruhi sharti iripotiwe polisi, na sheria inampa dereva saa 24 kwa upeo wote. Majeruhi au ndugu yake naye anaweza kwenda. Omba namba ya OB, daftari la matukio la kituo, uiandike kwenye simu. Baadaye utaomba abstrakti ya polisi, yaani hati fupi ya kuonyesha ajali iliandikishwa. Isomeni palepale kaunta kabla ya kuondoka: majina ya majeruhi yameandikwa kama kwenye kitambulisho? Namba za vyombo vyote viwili zipo? Kampuni ya bima, namba ya bima na tarehe ya kuisha? Kosa la herufi moja kwenye namba ya gari linatosha kuwapeleka kumshtaki mtu asiyehusika.

Kama abstrakti imeandikwa kwamba uchunguzi unaendelea, rudini baada ya muda muombe nyingine. Dereva wa Probox akishtakiwa mahakama ya trafiki na kupatikana na hatia, hukumu hiyo ni ushahidi mzito kwenye kesi ya fidia. Lakini msiingoje. Kesi ya fidia hailazimiki kusubiri kesi ya trafiki.

Abstrakti inathibitisha kwamba ajali ilitokea. Haithibitishi nani mzembe. Kwa hilo mnahitaji shahidi aliyeona, na mara nyingi afisa wa polisi aje na OB na mchoro wa eneo. Kwa hiyo chukueni leo namba za simu za yule abiria mwingine, dereva wa lori na wauza maembe wa pale kando. Baada ya miezi sita watu hawa hawapatikani.

---

Mkadiriaji

Nafanya kazi za madai ya bima, naeleza jinsi upande wa pili unavyofikiri.

Pigeni picha stika ya bima ya Probox na ya pikipiki, yaani jina la kampuni, namba na tarehe. Kisha fanyeni utafutaji wa kumbukumbu za gari kwa NTSA, mamlaka ya usafiri, kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Ada yake imekuwa kama shilingi 550. Aliyeandikishwa pale ndiye anayechukuliwa kuwa mwenye gari mpaka ithibitishwe vingine. Probox nyingi za njia hii zimeuzwa mara mbili tatu bila kubadilisha jina. Wakili atawashtaki wote wawili, aliyeandikishwa na anayelimiliki, ili wasitupiane mpira.

Bima ya mtu wa tatu kwa gari ni lazima chini ya sheria ya bima ya magari, sura ya 405, na kampuni hulipa hukumu ya mtu mmoja mpaka shilingi 3,000,000. Kinachozidi hapo ni juu ya mwenye gari mwenyewe. Ili kampuni ibanwe, lazima ipewe notisi rasmi kwamba kesi inafunguliwa. Hapa ndipo mtu anayejiendea mwenyewe huanguka. Anashinda kesi, anapeleka hukumu, kampuni inajibu kwamba haikupewa notisi. Notisi itumwe kabla ya kesi kuingia, kwa njia yenye ushahidi wa kupokewa, na nakala yenye muhuri wa kampuni ihifadhiwe.

Upande wa boda mwangalie jambo moja. Bima ya lazima humlinda abiria anayebebwa kwa nauli. Lakini pikipiki nyingi zimekatiwa bima ya matumizi binafsi kwa kuwa ni rahisi, kisha zinabeba nauli. Kampuni itaruka hapo. Ndiyo maana mlengwa wenu mkubwa ni Probox, lakini mwenye boda naye aingizwe kwenye kesi, la sivyo Probox itasema asilimia kadhaa ya kosa ni ya mtu asiyekuwepo mahakamani.

Kuhusu kubebwa wawili: abiria si dereva, lakini alikubali kupanda, na mahakama huweza kumkata sehemu ya fidia kwa hilo. Kofia ngumu pia itaulizwa kama kuna jeraha la kichwa. Kwa muundi, kofia haina uzito.

Kampuni ina haki ya kumpeleka majeruhi kwa daktari wake. Aende, na filamu za eksirei. Asilimia ya daktari wa pili huwa chini ya ya kwanza, hilo ni la kawaida, hakimu atazipima zote mbili.

---

Chumvi_Gongoni

Swali la pembeni ila linatugusa wengi. Sisi wa mashamba ya chumvi Gongoni na Marereni, na wale wa machimbo ya mawe, mtu akiumia kazini ni hivi hivi?

---

WakiliMLD

Hapana, ndugu yangu, njia ni nyingine kabisa, na hapa ndipo watu wanapoteza pesa kwa wakili wasiyemhitaji mwanzoni.

Kuumia kazini kunaongozwa na Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya 2007, ile tunayoiita WIBA. Huanzi mahakamani, na hilo Mahakama ya Juu ililimaliza Desemba 2019. Mfanyakazi anamjulisha mwajiri, mwajiri ana siku 7 kumripotia Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, na kifo huripotiwa ndani ya saa 24. Madai yaingie ndani ya miezi 12 tangu ajali. Hakuna haja ya kuthibitisha kwamba mwajiri alizembea, inatosha kwamba umeumia ukiwa kazini na kwa sababu ya kazi. Ulemavu kamili wa kudumu ni mishahara ya miezi 96, na ulemavu wa sehemu ni asilimia ya hiyo. Tuseme mshahara ni 15,000 na daktari ametoa asilimia 10: zidisha 15,000 kwa 96, chukua sehemu ya kumi, unapata 144,000. Kukaa nyumbani bila kazi kuanzia siku 3 kunalipwa kama malipo ya muda, na gharama za matibabu ni za mwajiri.

Kinachoharibu ni hiki: mwajiri haripoti. Basi usingoje yeye. Andika barua, weka nakala, nenda mwenyewe ofisi ya usalama kazini. Kibarua asiye na barua ya ajira atafute ushahidi wa mshahara: meseji za M-Pesa za kila wiki, daftari la zamu, wenzake wawili wanaokubali kuandikisha maelezo. Hapo wakili si lazima. Wakili anakuwa na maana ukikataa uamuzi wa Mkurugenzi. Una siku 60 kupinga, na baada ya hapo rufaa huenda Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi.

Na kama umegongwa na gari la mtu baki ukiwa kazini, mfano dereva wa hoteli, njia zote mbili zipo: WIBA kwa mwajiri na kesi ya kawaida kwa mwenye gari. Kilicholipwa upande mmoja kitahesabiwa upande wa pili.

---

NahodhaShela

Wa Lamu naomba tusisahaulike. Huku ajali zetu ni za boti, siyo Probox. Mokowe kwenda Lamu, Lamu kwenda Shela, boti mbili kugongana usiku bila taa, mtu kukatwa na rafadha. Mkadiriaji amesema bima ya lazima. Ile ni ya magari ya barabarani. Boti haiingii kwenye sura ya 405, kwa hiyo swali la kwanza kwetu ni: huyu mwenye boti ana bima ya hiari, au ana mali? Kama hana hata moja, kesi unaweza kushinda na usipate kitu. Waulizeni hoteli au kampuni iliyokodi boti. Aliyepanga safari mara nyingine ndiye mwenye bima.

Andikeni namba ya usajili ubavuni mwa boti, jina la nahodha, na idadi ya watu. Boti ikizidisha abiria au ikikosa maboya ya kujiokolea, hilo ni la kuripotiwa polisi na kwa Mamlaka ya Bahari siku hiyo hiyo, kabla maboya hayajaletwa na kupangwa vizuri.

Kesi hufunguliwa pale ajali ilipotokea au anapoishi mdaiwa. Mahakama ya Lamu ipo. Msikubali kupelekwa Mombasa kwa ajili ya urahisi wa wakili, nauli za mashahidi zitawamaliza.

---

BiFatma_Maweni

Mtoto je? Na kiboko? Maana huku karibu na mto Sabaki viboko wanajeruhi watu.

---

WakiliMLD

Bi Fatma, mtoto chini ya miaka 18 hashtaki mwenyewe, anaingia kupitia mzazi au mlezi kama "rafiki wa karibu", yaani mwakilishi wake mahakamani. Mzazi hawezi kumalizana na bima kienyeji kwa niaba yake. Maafikiano hayo yanahitaji idhini ya mahakama, na hakimu huamua pesa zihifadhiwe vipi mpaka mtoto akue. Bima ikikuharakisha usaini kwa niaba ya mtoto, kataa.

Kiboko, mamba, nyati: hiyo ni Sheria ya Wanyamapori ya 2013. Ripoti kwa KWS, shirika la wanyamapori, na polisi, chukua fomu ya madai, peleka ripoti ya daktari kwenye kamati ya wanyamapori ya kaunti. Kifo ni shilingi 5,000,000, ulemavu wa kudumu 3,000,000, majeraha mengine mpaka 2,000,000 kulingana na ukubwa. Wakili si lazima. Malipo huchelewa sana, hata miaka, na nani wa kumlipa wakili muda wote huo?

---

MtotoWaBarani

Tumeelewa kwamba kijana wetu anahitaji wakili. Sasa gharama. Yule wa wodini alisema "hulipi kitu, tukishinda tunagawana nusu kwa nusu".

---

WakiliMLD

Mtu huyo mfukuzeni. Sheria ya Mawakili, kifungu cha 46, inabatilisha makubaliano ya wakili kulipwa pale tu anaposhinda, na pia ya wakili kununua sehemu ya haki ya mteja. Kuwawinda wagonjwa wodini nako kumekatazwa. Na mwenye kuja na fomu tupu mara nyingi si mfanyakazi wa wakili yeyote, ni broka anayeuza majina. Sahihi moja inaweza kuuzwa kwa ofisi mbili, mkajikuta mna kesi mbili za ajali moja, na upande wa pili ukaomba zote zifutwe kwa udanganyifu.

Njia halali iko hivi. Mnaenda ofisini kwake, mnamwona wakili mwenyewe, mnahakiki jina lake kwa LSK, chama cha mawakili, kwamba ana cheti cha mwaka huu. Makubaliano ya ada yanaandikwa na mteja anatia sahihi. Ada ina kiwango cha chini kilichowekwa na sheria kulingana na thamani ya kesi, na wakili haruhusiwi kushuka chini ya hapo. Wengi hukubali kungoja ada yao mpaka kesi iishe, na hilo si kosa. Kosa ni kusema ada haipo kabisa mkishindwa, au kuchukua nusu ya mguu wa mtu.

Ulizeni haya kabla ya sahihi: gharama za njiani analipa nani? Yaani ada ya kufungua kesi, utafutaji wa gari, ripoti ya daktari, kumleta daktari mahakamani, kupeleka hati za wito. Zinatoka mfukoni kabla ya hukumu na ndizo zinazokwamisha faili. Pili, hukumu ikitoka, pesa zinaingia wapi? Zinaingia akaunti ya wateja ya wakili, na mteja ana haki ya kuona nakala ya malipo ya bima na hesabu iliyoandikwa: fidia kiasi gani, gharama za kesi kiasi gani, ada, salio. Tatu, mpewe nakala ya hati ya madai na namba ya kesi. Kesi sasa huingizwa kwa mtandao, mnaweza kuifuatilia wenyewe.

Na mjue mkishindwa mahakama huweza kuwaamuru mlipe gharama za upande wa pili. Wakili asiyewaambia hivyo siku ya kwanza hajawaambia yote.

---

KaraniMstaafu

Hapo napingana kidogo na wale watakaosema "basi kila ajali na wakili". Mtu aliyechubuka na kuteguka, akapona ndani ya mwezi, fidia ya majeraha ya nyama tu mahakama nyingi huiweka kati ya makumi ya maelfu na laki moja au mbili. Ukitoa ripoti ya daktari, nauli na ada, mkononi panabaki kidogo. Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, na sheria yake ya 2016 inataja fidia ya majeraha ya mwili. Uamuzi unatakiwa ndani ya siku 60, na mtu anaruhusiwa kujisimamia.

---

Mkadiriaji

Nakubali kwa jeraha dogo, kwa sharti. Kampuni ya bima haitakuja na karani, itakuja na wakili wake. Na rufaa kutoka mahakama hiyo ni ya hoja za sheria tu, kwa hiyo ukikosea kuleta shahidi, umeshakosea. Anayekwenda mwenyewe aandike kwanza barua ya madai kwa mwenye gari na nakala kwa bima: tarehe, mahali, namba za vyombo, majeraha, risiti, kiasi anachotaka na siku anazowapa. Madai madogo huweza kuishia kwenye barua hiyo. Bila barua, hata ukishinda unaweza kunyimwa gharama.

---

KaraniMstaafu

Sawa kabisa. Kwa asiye na uwezo na jeraha ni kubwa, kuna Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, na Kituo cha Sheria wana ofisi Mombasa.

---

MtotoWaBarani

Mawili ya mwisho. Kijana ni mvuvi, hana hati ya mshahara, atathibitishaje kipato? Na wazee bado wanauliza kuhusu zile 30,000, maana bili ya hospitali ipo na haingoji.

---

WakiliMLD

Kipato cha mvuvi kinathibitika. BMU ya Mayungu, kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo, ina daftari la samaki wanaoshushwa, ombeni nakala za miezi sita kabla ya ajali na barua ya mwenyekiti. Ongezeni taarifa ya M-Pesa yenye malipo ya wachuuzi wa samaki, na mchuuzi mmoja awe tayari kutoa ushahidi. Hayo yakikosekana, hakimu anaweza kurudi kwenye kima cha chini cha mshahara, ambacho ni kidogo kuliko anachopata mvuvi msimu wa kaskazi.

Kuhusu 30,000, wazee hawajakosea kutaka msaada wa matibabu, tatizo ni ile karatasi. Mwambieni mwenye gari alipe moja kwa moja kwenye akaunti ya hospitali au kwa M-Pesa. Kama anataka maandishi, andikeni nyinyi, mistari mitatu: "Nimepokea shilingi 30,000 kutoka kwa fulani, tarehe fulani, kuchangia gharama za matibabu ya ajali ya tarehe fulani. Malipo haya hayamalizi wala hayaathiri madai yangu ya fidia." Asaini kijana mwenyewe akiwa na akili timamu, si baba yake, na mashahidi wawili. Kiasi hicho kitatolewa kwenye hukumu baadaye, na ni haki.

Mwenye gari akikataa maneno hayo, pesa zake abaki nazo. Kesho asubuhi aende mmoja wenu kituo cha polisi kwa namba ya OB na P3, mwingine apige picha stika za vyombo vyote viwili kabla havijaondolewa kituoni.